Neno Nililomwandikia Mihayo kwa Kichina

Siku ya kuniaga, vijana wa kitengo chetu cha tafsiri waliniandalia chai na maandazi, na mmoja wao akasimama akaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi yangu, "ili makosa yenu tusiyarudie." Wenzake walimtazama vibaya. Mimi nilicheka, lakini nilipofika nyumbani niliona kijana ameomba jambo la haki. Basi naandika. Nilipanda vyeo gani na lini, hayo yamo kwenye jalada langu, na atakayeyataka akapanguse vumbi mwenyewe.

Nilizaliwa Tabora, mtaa wa Ng'ambo, binti wa fundi cherehani. Nyumbani tulisema Kiswahili. Bibi mzaa mama akikasirika alihamia Kinyamwezi. Baba alisoma Kiarabu cha chuoni, na mbele ya baraza yetu palikuwa na duka la Muhindi ambaye wanawe walitufundisha matusi ya Kigujarati. Kwa hiyo sikukua nikiona ajabu mtu kuwa na lugha tatu au nne. Mji wenyewe ulijengwa na misafara. Bibi alikuwa akisimulia kwamba babu yake alikuwa mpagazi wa pembe hadi mabega yalipomshinda, ndipo wakamfanya mkalimani. Nilipoanza kazi hii aliniambia nimefika alipoishia yule mzee, ila bila kubeba pembe.

Uhuru ulinikuta shuleni. Miaka michache baadaye ikaja barua kwamba Serikali inatafuta vijana wa kwenda Peking kujifunza Kichina. Walitaka wavulana, lakini wavulana waliofaulu walitaka udaktari na sheria, tena Ulaya. Nikaandika jina langu.

Baba aliweka chini mkasi wake. "Zuhura, ukirudi utakisema na nani hicho Kichina?"

"Sijui, baba."

"Basi nenda. Labda wao wanajua."

Nilisoma miaka miwili. Kisha mambo ya kule yakachafuka, vyuo vikafungwa, na sisi wageni tukarudishwa makwetu kabla ya kumaliza. Nilirudi na kamusi moja nzito na nusu ya lugha. Nusu niliyoipata ilikuwa ya vitu: vyombo, mashine, mazao, hesabu. Jinsi watu wa kule wanavyosifiana na kusengenyana, hiyo ilikuwa nusu ya pili, na mlango ulifungwa kabla sijaifikia. Nayasema haya si kwa kujitetea. Ndivyo ilivyokuwa.

Nilipangiwa kazi kwetu Tabora, kwenye mradi wa mpunga uliokuwa mwendo wa saa moja kwa gari kutoka mjini. Ilikuwa baada ya Azimio, watu wakihamia vijiji vya ujamaa, na mradi ule ulikusudiwa kulisha vijiji kadhaa. Wataalamu wa Kichina walikuwa wakichimba mifereji na kufunga pampu. Meneja wetu alikuwa Ndugu Kalinga, mtu mwenye sauti nzito aliyependa hotuba fupi, na ninamshukuru kwa hilo hadi leo. Kiongozi wa Wachina alikuwa Mhandisi Gao, ambaye hakujua Kiswahili wala Kiingereza na alikwenda kila mahali na kitabu kidogo cha kuandikia, kikiwa na kalamu ndani.

Kati ya hao wawili alisimama mkalimani wao, Ndugu Shen. Alikuwa anakaribia umri wa miaka hamsini, mwembamba, mwenye kofia ya majani. Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko cha walimu wangu. Kiswahili alikisema polepole na kwa usahihi, kama mtu anayepita kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki.

Siku yangu ya kwanza alinipeleka karakana, akaniwekea kipuri mkononi. "Hiki ni nini?" Ilikuwa beringi. Nikataja kwa Kichina. Akanipa vali, akanipa gasketi, akanionyesha fimbo ya pistoni. Vyote nikavitaja, na kichwa kikaanza kunivimba. Kisha akaelekeza kidole jikoni, alikokuwa amesimama mpishi wa kambi, Mzee Hamisi.

"Na yule ni mtu wa namna gani?"

Nikasema kwa Kichina kwamba ni mzuri.

"Mchele pia ni mzuri," akasema Shen. "Nieleze yule mtu."

Nilijua Mzee Hamisi ni mcheshi, ni mchokozi kidogo, ana huruma lakini hapendi ionekane. Sikuwa na hata neno moja la hayo.

"Vitu ni rahisi, Xiao Zu," akasema. Xiao kwao ni mdogo, nao humwita hivyo mtu wa chini yao wanayemzoea. Zu ilikuwa kipande cha jina langu alichoamua kubaki nacho. "Pampu ni pampu, huku na kule. Watu ndio watakutesa."

Alinifundisha kuweka daftari. Nililichora mistari nikapata safu nne: ya kwanza neno la Kiingereza, kwa sababu fomu na vitabu vingi vilikuwa kwa lugha hiyo, ya pili Kiswahili, ya tatu Kichina. Safu ya nne ndiyo aliyoisisitiza: nani anaweza kulisema neno hili, na juu ya nani. Vijana, mna mashine siku hizi, lakini bado sijaona mashine yenye safu hiyo ya nne.

Kwa mfano, wana neno "laoshi", maana yake mtu mkweli, asiye na hila. Ukimwambia mfanyakazi hivyo atafurahi. Ukimwambia mtu aliyetoka kutapeliwa, umemwita mjinga. Tena ukilivuta kwa sauti nyingine kidogo linakuwa mwalimu, na nilishawahi kumtambulisha mwalimu wa shule ya msingi kwa wageni kama "mjinga wetu mpya". "Ndugu" halikunisumbua hata siku moja, lilikuwa na mwenzake kule wa kimo kile kile. Mengine yalinitoa jasho. Kwenye mkutano wa kijiji, mwenyekiti alisimama akasema, "Mhandisi Gao ni mkali, tunampenda." Nikatafuta "mkali" nikatoa neno lao la mbwa anayeuma. Gao alikaa mkutano mzima akitazama magoti yake. Ni Shen aliyekwenda kumweleza wakati wa chakula kwamba mwenyekiti alimaanisha mtu asiyevumilia kazi mbovu, na kwamba hayo huku ni masifu. Kisha akaja kwangu na daftari langu. "Andika," akasema. Hakunikemea. Sikumbuki anikemee hata mara moja katika muda wote tuliofanya kazi pamoja, na huenda angenikemea ningekuwa mwangalifu zaidi.

Sasa nifike kwa Mihayo.

Mihayo alikuwa fundi wa pampu, kijana wa kijiji kimoja upande wa Nzega, mrefu, mwenye kusema kidogo na kuuliza sana. Alisoma kwa mapadri hadi kidato cha nne, kisha akaja mradini kama mchimba mfereji, na katika mwaka mmoja akawa ameingia karakana kwa kusimama mlangoni akiuliza maswali hadi wakachoka kumfukuza. Msimu mmoja wa kupandikiza miche pampu kubwa ilizimika Wachina wote wakiwa mjini. Mihayo aliifungua mwenyewe, akakuta vali imekwama, akakata kipande cha mpira wa tairi akakitia mahali pake. Gao aliporudi alikuta maji yanatembea mferejini. Aliitazama pampu, akamtazama Mihayo, akaandika kitu kwenye kitabu chake, akaondoka. Sisi tulilichukulia jambo lile kuwa ushujaa. Gao alilichukuliaje, hakusema.

Mwaka uliofuata ilikuja nafasi ya vijana kumi na wawili kwenda China kujifunza mitambo kwa mwaka mmoja na nusu. Karakana nzima ilijua Mihayo atakuwemo. Kila mwombaji alileta barua ya tabia kutoka kwa mwalimu wake wa zamani, zote kwa Kiingereza, na kila barua ilipaswa kufupishwa kwa Kichina kwenye fomu. Kisanduku cha tabia kilikuwa na upana wa vidole viwili. Aliyekibuni lazima aliamini tabia ya binadamu ni kitu kidogo.

Kazi ile ilikuwa ya Shen. Lakini wiki hiyo alishikwa na malaria kali, akalazwa hospitali ya mjini. Fomu zikawekwa mezani kwangu, na nikapewa siku mbili.

Barua ya Mihayo iliandikwa na padri mmoja mzee aliyekuwa amekwisha kurudi kwao Ulaya. Ilikuwa barua nzuri kuliko zote. Nakumbuka maneno yake mawili kwa sababu sijaweza kuyasahau: alimwita "ambitious", na akasema ni "proud" wa kazi ya mikono yake. Kwa Kiingereza cha padri yule, la kwanza lilikuwa sifa ya kijana anayetaka kufika mbali, na la pili ni la mtu anayeionea fahari kazi aliyoifanya vizuri. Nilifungua kamusi. Kwa lile la kwanza kamusi ilinipa neno "yexin", nami nikaliandika. Kwa la pili ilinipa "jiao'ao". Nilipotaka kuongeza "wa kazi ya mikono yake", kisanduku kilikuwa kimejaa. Nikaacha hivyo. Nilipiga mhuri, nikachukua fomu iliyofuata. Nakumbuka nilikuwa nimeridhika, kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa umetoka vizuri.

Orodha ilibandikwa baada ya siku nne kwenye mlango wa ofisi. Majina kumi na mawili, la Mihayo halimo. Nafasi yake alipewa kijana mmoja mtulivu wa stoo.

Mihayo alinikuta nikichapa barua. Alivua kofia. "Dada Zuhura, shikamoo."

Hakuwa mdogo wangu kwa zaidi ya miaka minne. Hakuwahi kuniamkia hivyo kabla.

"Marahaba, Mihayo."

"Naomba unisaidie jambo moja tu. Wewe unaelewa wanachosema. Nimekosa nini?"

"Sijui," nikasema, na wakati huo ilikuwa kweli. "Nitauliza."

Alasiri ile nilipanda gari la mradi hadi hospitali, na nakala za kaboni za fomu zangu mkobani. Shen alikuwa ameketi kitandani, macho ya njano, midomo imekauka. Nilimpa nakala ya Mihayo. Aliisoma mara moja tu, akaiweka juu ya blanketi, akaigeuza uso chini.

"Umeandika kwamba ana moyo wa porini," akasema.

"Nimeandika anataka maendeleo."

"Hapana. Hilo ni neno jingine." Akanitajia, "shangjin", moyo wa kupanda juu. "Hili lako tunamwita nalo mtu anayenyemelea madaraka. Kwetu siku hizi mtu akiitwa hivyo mkutanoni hata jirani yake hampi tena salamu. Na hili la pili peke yake, bila kazi ya mikono, ni mtu mwenye majivuno." Alifumba macho. "Gao alikuwa na ile habari ya pampu kwenye kitabu chake. Alikuwa hajui aiweke upande gani. Wewe umemwonyesha."

Kijana alikuwa ameokoa miche ya vijiji vitatu, na maneno yangu mawili yalikuwa yameligeuza tendo lile likawa kosa: amefungua mashine ya watu bila ruhusa, kwa sababu ana moyo wa porini.

"Nitakwenda kwa Gao kesho asubuhi," nikasema.

"Orodha imeondoka na treni ya leo."

"Nitakwenda hivyo hivyo."

Asubuhi nilisimama mbele ya meza ya Gao. Nilikuwa nimeandika hotuba yangu ya Kichina usiku na nikaikariri, lakini nilipofungua mdomo yalitoka maneno machache tu: fomu ya Mihayo ina makosa, padri alimsifu, tafsiri ndiyo iliyomharibia. Nikaweka mezani barua ya padri na fomu mpya niliyoiandika upya, safari hii nikiwa nimebandika karatasi ya ziada chini ya kisanduku.

Gao aliisoma fomu mpya, barua ya Kiingereza akaitazama tu. "Fomu ya kwanza nani aliikagua?"

Nilifungua mdomo kumwambia hakuna. Mlango ukafunguliwa nyuma yangu. Shen alikuwa ametoka hospitali bila ruhusa, amekuja na lori la saruji, blanketi la wodi bado liko mabegani.

"Mimi niliikagua," akasema kwa Kichina. "Kosa ni langu."

Niligeuka. Akaniambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini ambayo Gao asingeweza kuielewa hata angeisikia: "Nyamaza, mwanangu."

Nikanyamaza.

Nje, nilimkuta Shen ameketi juu ya pipa la dizeli, anatetemeka. Nilikuwa nalia kwa hasira. "Kwa nini umesema hivyo?"

"Ukisema ni wewe," akasema, "watauliza kama msichana huyu alikosea au alikusudia. Neno hujuma liko karibu sana siku hizi, kwenu na kwetu. Utaondolewa, na mradi utabaki bila mtu hata mmoja wa hapa anayejua lugha yetu. Nikisema ni mimi, ni mzee mwenye homa aliyepitiwa. Nenda kaoshe uso."

Nilikwenda nikaosha uso. Ndugu Kalinga alipelekewa habari, akanguruma, akatuma simu ya maandishi Dar es Salaam siku ile ile. Jibu lilikuja baada ya siku tisa: nafasi imekwisha kujazwa, pasi za kusafiria zimekwisha kutolewa.

Jibu lile lilipofika nilimfuata Mihayo karakana, nikamwomba tutoke nje. Nilimweleza yote, neno kwa neno, na kwamba mwandishi ni mimi. Hilo sikumficha. Alisikiliza akifuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja.

"Hilo neno la padri," akauliza mwisho, "kwa Kiswahili ni lipi?"

Nilifikiri. "Mtu wa kutaka makuu," nikasema, na nikasikia mwenyewe jinsi lilivyotoka. Hizo zilikuwa siku ambazo mtu wa kutaka makuu alikuwa akisemwa kwenye mikutano yetu pamoja na kupe na wanyonyaji.

Mihayo alicheka kidogo, bila furaha. "Kumbe hata kwetu ningekatwa." Akalitupa lile tambara kwenye ndoo. "Dada, mimi sikutaka makuu. Nilitaka kujua ile mashine inavyofanya kazi." Akarudi ndani.

Kwa miezi mitatu hivi hakunisemesha. Tukikutana njiani aliinamisha kichwa kwa adabu akapita, na ningependa zaidi angenitukana. Wale kumi na wawili waliondoka kwa shangwe na ngoma. Yeye siku hiyo alikuwa chini ya pampu namba mbili, miguu tu ndiyo inaonekana.

Wakati huo huo mambo ya Shen yalianza. Wachina walikuwa na mikutano yao ya jioni chumbani kwao, karibu na ofisi niliyokuwa nikichapia. Zamani nilisikia vicheko na mahesabu ya saruji. Sasa nilisikia sauti ya Shen peke yake, ikisoma, kisha sauti za wengine zikimjibu. Walikuwa wakimchambua, na yeye akijichambua. Nilisikia "cuxin", mzembe, ambalo ukilifungua ndani lina moyo unaokwaruza. Nilisikia maneno ya tabia mengi ambayo sikuwa nayo, na mkono wangu, Mungu anisamehe, ulitaka kuyaandika. Baadaye mmoja wao aliuliza Kiingereza kile kizuri alikipata wapi. Shen akajibu kwamba alisomeshwa na wamisionari utotoni. Hakuna aliyeshangaa. Nilielewa kwamba jambo hilo walikuwa wakilijua siku zote, na lilikuwa limelala, na mimi ndiye niliyeliamsha.

Nilimwendea kesho yake. "Niache niseme ukweli."

"Sasa ukisema," akajibu akinoa penseli, "nitakuwa nimekosea na pia nimedanganya. Utakuwa umenipunguzia nini?"

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nilikuwa nimeogopa, na jibu lake lilinipa nafasi ya kuendelea kuogopa.

Siku moja Mihayo alikuja ofisini na kitabu cha maelezo ya pampu, kurasa zimelowa mafuta, maandishi yote ya Kichina. Alikiweka juu ya mashine yangu ya kuchapia.

"Kama siendi huko," akasema, "basi nifundishe hiki."

Tulianza siku hiyo. Jumanne na Ijumaa baada ya kazi, kwenye benchi la karakana, neno moja moja: maji, mafuta, fungua, funga, hatari. Alichora herufi zao kwa chaki kwenye kifuniko cha pipa, akafuta, akachora tena. Shen alipita mara nyingine akasimama nyuma yetu, akarekebisha mkunjo mmoja kwa kidole, akaendelea na safari zake. Kufikia mvua za mwaka uliofuata Mihayo alikuwa akisoma kitabu chote. Wale kumi na wawili waliporudi walitawanywa mikoa mbalimbali, hakuna hata mmoja aliyeletwa kwetu. Na Wachina walipomaliza muda wao wakaondoka, aliyebaki mradini akijua kusoma kitabu cha pampu alikuwa yeye. Maji yalitembea mferejini miaka mingi. Sisemi kwamba hilo lilifuta kosa langu. Alistahili safari, na safari hakuipata.

Lakini Shen aliondoka kabla ya wenzake. Tuliambiwa kwamba amemaliza zamu yake, ingawa zamu ilikuwa na mwaka mzima mbele.

Tulimsindikiza kituo cha reli cha Tabora asubuhi, gari lote limejaa. Mzee Hamisi alikuwa amemkaangia karanga, Mihayo alimletea kopo la asali ya kwao. Treni ilikuwa imekwisha kusimama, abiria wanapandisha mizigo madirishani. Ndugu Kalinga akasimama juu ya sanduku na kutoa moja ya hotuba zake fupi. Gao alisimama mbele yake, kitabu kimefunguliwa, kalamu mkononi. Nilijua kila nitakalolisema litaingia mle, na mle litasafiri hadi Peking pamoja na Shen.

Kalinga alimshukuru kwa kazi, nikatafsiri. Akasema tumejifunza mengi kwake, nikatafsiri. Kisha akanyoosha mkono kuelekea kwa Shen, akasema, "Kwa kifupi, huyu ni muungwana."

Wote wakanigeukia.

Nilikuwa na maneno mawili ya Kichina ya kufaa. Moja ni la mabwana wakubwa wa zamani wenye ardhi na watumishi, ambao wao walikuwa wamewapindua. Jingine ni la vitabu vyao vya kale vya hekima, na magazeti yao mwezi ule yalikuwa yakivishambulia vitabu hivyo kila siku. Kamusi ingenipa lolote kati ya hayo bila kunionya. Kalamu ya Gao ilikuwa imetua kwenye karatasi, inangoja.

Sikuharakisha. Kengele ya treni ikagongwa na bado sikuharakisha. Kisha nikasema kwa Kichina: "Ndugu Kalinga anasema, Ndugu Shen ni mtu ambaye kukiwa na mzigo huubeba kabla ya mwenzake, na hasemi kwamba ameubeba. Wafanyakazi wa hapa wanataka jambo hilo lijulikane huko kwenu."

Gao aliandika. Aliandika kwa muda mrefu, mistari mitatu au minne, kisha akanitazama. Sijui alijua nini. Akafunga kitabu.

Shen alipanda behewa, akafungua dirisha. Nilisogea chini yake. Uso wake ulikuwa mtulivu, macho mekundu.

"Nimelisikia kwa Kiswahili," akasema, "na nimelisikia kwa Kichina. Yote mawili nayachukua."

Nikainua mkono akaushika, mkono mkavu kama karatasi, hadi treni ilipoanza kujivuta na mkono ukatoka wenyewe.

Nilimwandikia mara mbili. Niliwauliza habari zake Wachina wote niliofanya nao kazi baadaye, miaka yote hadi nilipostaafu, na hakuna aliyemfahamu, au aliyekubali kwamba anamfahamu. Gao aliondoka nchini bila mimi kumwambia ukweli. Nilikuwa na nafasi nyingi na sikuzitumia, na haya ndiyo makosa mliyoniomba, vijana wangu, kuliko yale maneno mawili ya kamusi.

Basi niyaandike hapa mahali yatakaposomwa. Shen hakuikagua fomu ile. Hakuiona kabisa mpaka nilipompelekea nakala hospitalini, na siku mbili nilizokuwa nikiandika yeye alikuwa kitandani, amezidiwa na homa. Niliiandika mimi, Zuhura binti Salum, peke yangu, kwa mkono wangu.